Nimeweka akiba miaka minane kwa ajili ya gari la michezo. Ninunue lini, na kwa nani?

Ndugu Mshauri,

Salaam. Mimi ni mwalimu mwenye umri wa miaka 44, na tangu nikiwa kijana nimekuwa na hamu moja ambayo sijawahi kuificha: kumiliki gari dogo la michezo lenye viti viwili na paa la turubai linalokunjwa. Kwa miaka minane nimeweka akiba kidogo kidogo, na mwaka huu, baada ya mtoto wetu wa mwisho kumaliza masomo, mke wangu aliniambia kwamba sasa nizitumie fedha hizo kwa kile nilichokusudia. Fedha zipo, lakini uamuzi umenishinda.

Huku ninakoishi majira ya baridi yanaisha na jua limeanza kutoka. Nimeona magari mawili. La kwanza ni Porsche Boxster la mwaka 2006, lililoko katika yadi ya magari yaliyotumika karibu na kazini kwangu. Linang'aa kama jipya na limetembea kilomita chache kwa umri wake. Muuzaji anasema kuna wateja wengine wawili wanaolitaka, kwa hiyo kama nalitaka kweli nilipe arubuni kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo. Nilipoomba kuona kumbukumbu za matengenezo, alinijibu kwamba zilipotea mwenye gari wa awali alipohama nyumba.

La pili ni Mazda MX-5 la mwaka 2007, mali ya mzee mmoja anayeishi mwendo wa saa sita kutoka hapa. Rangi yake imefifia kwenye boneti, mlango mmoja umebonyea kidogo, na kilomita zake ni karibu mara mbili ya zile za Boxster. Hata hivyo, mzee huyo ametunza risiti zote tangu siku aliyolinunua likiwa jipya, na ananiambia kwamba analiuza kwa sababu mgongo haumruhusu tena kuingia na kutoka katika gari lililo chini kiasi hicho. Bei za magari haya mawili hazipishani sana.

Kaka yangu ananishauri nisinunue sasa, ningoje majira ya baridi yajayo kwa kuwa magari ya wazi hushuka bei wakati huo. Mwenzangu kazini anasema niachane na yote mawili niagize moja kwa moja kutoka minada ya Japani. Naomba uniambie ni wakati gani ulio bora na ni mahali gani palipo salama, maana naogopa kupoteza kwa siku moja nilichokikusanya kwa miaka minane.

Mwalimu mwenye shauku na hofu

JIBU

Ndugu yangu mwalimu,

Usilipe arubuni hiyo. Naanza na neno hili kwa sababu lina tarehe, ilhali mengine uliyouliza yanaweza kungoja tuyapime kwa utulivu.

Sisemi kwamba muuzaji wa yadi ni mwongo. Huenda wateja hao wawili wapo kweli, na huenda karatasi zilipotea kweli. Tatizo ni kwamba gari analokuuzia ni la aina ambayo karatasi zake zina uzito kuliko rangi yake. Injini za Boxster, pamoja na zile za Porsche 911 nyingi za kipindi hicho, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi 2008, zina shafti ya kati inayoendesha minyororo ya taimingi, yaani ile inayopatanisha mwendo wa sehemu za ndani za injini, na beringi inayoishikilia shafti hiyo ikivunjika, injini nzima inaweza kuharibika. Magari mengi hayapatwi na janga hilo kamwe, lakini yanayopatwa huhitaji matengenezo ambayo gharama yake huweza kukaribia thamani ya gari lenyewe. Karibu na mwaka wa gari hilo kiwanda kilianza kuweka beringi kubwa zaidi, ambayo huvunjika kwa nadra lakini haiwezi kubadilishwa bila kuipasua injini yote, na magari yaliyotengenezwa mpakani mwa mabadiliko hayo yanaweza kuwa na beringi ya aina yoyote kati ya hizo mbili. Kuanzia matoleo ya 2009 Porsche ilileta injini mpya isiyo na shafti hiyo kabisa. Kwa hiyo mtu anayenunua Boxster la 2006 anahitaji kujua ni beringi ipi iliyomo, oili ilibadilishwa kila baada ya muda gani, na kama fundi aliwahi kukuta chembe za chuma ndani ya chujio. Bila kumbukumbu, majibu ya maswali hayo yote ni maneno ya mdomo tu, na wahenga wetu wana jina la ununuzi wa namna hiyo: kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kilomita chache nazo zisikulaghai. Gari linalosimama miaka mingi hukakamaa sili zake, matairi yake hupasuka pembeni, na oili huzeeka hata kama haikutumika. Zaidi ya hayo, kipimo cha kilomita kinaweza kurudishwa nyuma, na kitu kinachoufichua udanganyifu huo kwa urahisi ni mfululizo wa risiti zenye tarehe na kilomita zinazopanda hatua kwa hatua, yaani kile hasa ambacho gari la yadi halina na gari la mzee linacho.

Sasa nije kwenye suala la wakati. Kaka yako hakukosea. Magari ya paa la kukunjwa hutafutwa zaidi jua linapoanza kuwaka, na wauzaji huwa wepesi kupunguza bei katika miezi ya baridi, ambayo upande wa kaskazini wa dunia ni takriban Novemba hadi Januari, na upande wa kusini ni Juni hadi Agosti. Baridi ina faida nyingine ambayo watu huisahau, nayo ni kwamba utaona kama kipasha joto kinafanya kazi, kama turubai linavuja, na kama injini inawaka vizuri ikiwa imepoa kabisa. Lakini ina hasara zake pia, kwa maana matairi ya kiangazi hukakamaa kwenye baridi na barabara zenye barafu hazikuruhusu kulijaribu gari kwa kasi itakayokuonyesha hali ya shoki, usukani na breki.

Jambo ambalo kaka yako hakulipima ni kwamba magari yaliyotumika hayafanani kama magunia ya sukari yaliyotoka ghala moja. Ukilinunua gari jipya, unaweza kungoja mwisho wa mwezi au wa robo mwaka, wakati wauzaji wanapohangaikia malengo yao, au ukangoja toleo jipya litangazwe ili la zamani lishushwe bei, na gari utakalolikuta ni lile lile. Wewe hununui jipya. Gari lenye mmiliki mmoja na risiti zote tangu mwanzo halipatikani kila wiki, na punguzo utakalolipata majira ya baridi yajayo huenda likawa dogo kuliko gharama ya kununua gari lisilo na historia kwa sababu lile lenye historia lilikwisha kwenda kwa mtu mwingine.

Upo pia wakati wa pili ambao haumo kwenye kalenda ya majira, nao ni umri wa gari. Gari jipya hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake katika miaka michache ya mwanzo, kisha mporomoko hupungua kasi, na magari ya michezo yanayopendwa huweza kufika mahali bei ikasimama au hata ikapanda. Mfano wake ni Porsche 911 ya kizazi cha 993, ya mwisho kupoozwa injini kwa hewa, ambayo imezidi kutafutwa kwa miaka mingi, wakati ile ya 996 iliyoifuata ikiwa na injini ya kupoozwa kwa maji ilidharauliwa muda mrefu ingawa ilikuwa mpya zaidi. Wakati mwingine sheria ya nchi moja hugusa bei kila mahali: Marekani huruhusu gari lililotimiza miaka 25 kuingizwa hata kama halikutengenezwa kwa viwango vyake, na Nissan Skyline GT-R ya kizazi cha R32, iliyotoka 1989, ilipofikia umri huo mwaka 2014, wanunuzi wa Marekani waliingia sokoni na magari hayo yakaanza kuadimika huko yalikotoka. Nakueleza haya ili uone kwamba magari yote mawili uliyoyaona yamekwisha kupita ule mteremko mkali wa mwanzo. Kungoja mwaka mzima ukitarajia yaporomoke tena hakutakupa mengi.

Kwa maoni yangu, wakati mzuri wa kununua gari la aina hii ni ule ambao muuzaji ana sababu ya kweli ya kuuza na wewe huna sababu yoyote ya kuharakisha. Mzee mwenye mgongo unaouma ana sababu inayoeleweka na isiyohusu ubovu wa gari. Muuzaji wa yadi anataka kukupa wewe haraka ambayo hukuwa nayo kabla ya kumwona.

Kuhusu mahali, sitaki nikuache na dhana kwamba yadi zote ni mbaya na watu binafsi wote ni wema. Katika nchi nyingi sheria humlinda zaidi anayenunua kwa mfanyabiashara kuliko anayenunua kwa mtu binafsi, na yadi inayojihusisha na aina moja tu ya magari ya michezo huwa na mafundi wanaoyajua vizuri na dhamana ya maandishi. Ukiwa na yadi ya namna hiyo karibu, ulizia hapo pia. Vilevile, vyama vya wamiliki ni mahali ambapo wanunuzi wengi hawapafikirii: wamiliki wa MX-5 wana vyama katika nchi nyingi, wanajuana, na mara nyingi gari zuri huuzwa baina yao kabla halijatangazwa popote. Mwanachama mmoja mwenye uzoefu, akikubali kwenda nawe kuliona gari, ana thamani kubwa kuliko makala yoyote, ikiwemo hii.

Mnada ni shauri jingine. Matokeo ya minada iliyopita, kama yale ya tovuti ya minada ya Bring a Trailer ya Marekani ambayo kila mtu anaweza kuyasoma, ni darasa zuri la kujua bei halisi ambazo watu wamelipa, tofauti na bei ambazo wauzaji wanazitamani. Yatumie kujifunza. Kuhusu Japani, mwenzako ana hoja: magari ya kule hufanyiwa ukaguzi wa lazima, mara ya kwanza baada ya miaka mitatu na baadaye kila baada ya miwili, na karatasi ya mnada huonyesha daraja la gari pamoja na mchoro wenye herufi zinazoeleza kila kasoro, A kwa mkwaruzo, U kwa kubonyea, W kwa sehemu iliyowahi kunyooshwa. Daraja la R au RA humaanisha kwamba gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa, na karatasi hiyo unaweza kuihakiki kwa namba ya chesisi ili usipewe ya kughushi. Lakini utanunua bila kuligusa, utalipia meli, ushuru na usajili kabla ya kuliwasha hata mara moja, na usukani utakuwa kulia, jambo ambalo linafaa katika baadhi ya nchi na kusumbua katika nyingine. Kwa mtu anayenunua gari lake la kwanza la michezo, tena kwa akiba ya miaka minane, nasita kumwelekeza huko.

Niruhusu nikueleze kosa langu, kwa sababu limenifundisha kuliko ushauri wa mtu yeyote. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kuliona gari la viti viwili jioni moja, mvua imetoka kunyesha. Muuzaji alikuwa amekwisha kuliwasha; injini ilinguruma vizuri, na matone ya maji yaliifanya rangi ing'ae. Nililipa usiku ule ule. Asubuhi iliyofuata injini ilipiga kelele za minyororo na kutoa moshi wa buluu kwa dakika nzima kabla ya kutulia, na jua lilipopanda niliona kwamba ubavu mmoja ulikuwa na rangi tofauti kidogo na mwingine. Hakuna aliyenidanganya kwa maneno. Nilichagua saa mbaya ya kutazama, na hiyo nayo ni sehemu ya swali lako la wakati: gari hutazamwa mchana, likiwa kavu, na injini ikiwa baridi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Panga safari ya kwenda kwa mzee siku ambayo hutakuwa na haraka ya kurudi. Kabla ya kwenda, uliza kampuni yako ya bima itakutoza kiasi gani kwa gari hilo, kwa maana magari ya michezo huwekewa viwango tofauti na mara nyingine bima hubadilisha hesabu yote. Tafuta pia, katika mji anaoishi, fundi anayejitegemea, asiyefahamiana na muuzaji na anayezijua MX-5, umlipe alinyanyue gari na kulikagua chini. Muuzaji mwaminifu hakatai jambo hilo. Akikataa, rudi nyumbani.

Gari la 2007 ni la kizazi cha tatu, kilichotengenezwa kati ya 2005 na 2015, na habari njema ni kwamba injini yake hutumia mnyororo wa taimingi badala ya mkanda unaopaswa kubadilishwa kila baada ya muda. Usiridhike na hilo pekee. Vuta kijiti cha kupimia oili uone kiwango na rangi yake. Ingiza gia ya pili gari likiwa bado baridi, ujue kama inaingia bila kukwaruza. Inua mazulia nyuma ya viti na upapase kama kuna unyevu, kwa sababu turubai la MX-5 lina vitundu vya kutolea maji ambavyo vikizibwa na majani, maji hujaa ndani na kutu huanza mahali usipopaona. Chunguza kingo za chini za milango na sehemu iliyo mbele ya magurudumu ya nyuma, hasa kama barabara za huko humwagiwa chumvi wakati wa barafu. Muulize mzee kama alikuwa akiliendesha majira ya baridi au alilifungia ndani. Pembeni mwa kila tairi zipo tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka lilipotengenezwa, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi yote manne yakiwa yamezeeka, bei yake iingie kwenye mazungumzo yenu hata kama kashata zake, yaani meno ya tairi, bado ni nene. Namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17 ifanane kwenye gari, kwenye kadi na kwenye risiti.

Mlango uliobonyea na boneti lililofifia, kwangu mimi, ni kasoro za heri. Zinaonekana, zinakadirika, na hazijafichwa chini ya rangi mpya. Fundi akiwa na kipimo cha unene wa rangi, mwombe apime mabati mengine pia: rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa kati ya maikroni 80 na 180 hivi, na ukikuta mahali panaposoma mamia kadhaa, hapo huenda pana lipu chini yake na pana jambo la kueleza. Zitaje kasoro hizo kwa adabu mtakapopatana bei. Mzee aliyetunza risiti kwa miaka yote hiyo anastahili kuzungumziwa kama mtu aliyelijali gari lake, na mara nyingi mtu kama huyo humpunguzia bei yule anayeamini kwamba atalitunza.

Usiimalize akiba yote. Bakiza angalau sehemu moja kati ya tano kwa ajili ya mwaka wa kwanza: oili zote, breki, betri, pengine matairi, na lile ambalo hata fundi hakuliona. Kama kubakiza kiasi hicho kunafanya gari hilo lisinunulike, basi wakati wako haujafika bado, na miezi ya baridi anayoisema kaka yako itakuwa na maana.

Na kama unalipenda Boxster kuliko MX-5, jambo ambalo halina aibu yoyote, mwambie muuzaji wa yadi kwamba utalinunua baada ya fundi wako kuifungua chujio la oili mbele yako na baada ya kiwanda au wakala wake kuthibitisha kwa namba ya chesisi matengenezo yaliyowahi kufanyika. Karatasi za nyumbani zinaweza kupotea, lakini gereji kubwa mara nyingi huwa na nakala. Akikubali, hali imebadilika na uniandikie tena. Akikwambia kwamba wateja wale wawili hawatangoja, waache walichukue.

Mpigie mzee simu leo. Mwombe akutumie picha za risiti tatu za mwisho, muulize gari lililala wapi majira haya ya baridi, na umsihi asiliwashe siku ya miadi kabla hujafika. Ukifika, baada ya salamu, weka kiganja chako juu ya boneti.